Habari ya Vigae Vyeusi Jikoni kwa Mama

Nyumbani kwetu,
Mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako wa mwisho, yule aliyebahatika sura. U hali gani huko uliko? Shemeji hajambo? Bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta, au amepata dawa? Na wapwa zangu je? Natumaini wanakua vizuri na hawajarithi masikio yako.

Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima, anakula, anagomba, anaimba akifua. Mimi pia ni mzima, na pale kwenye kuziba pancha siku hizi wateja wananiulizia mimi kabla ya kumuulizia mwenye kazi, jambo ambalo mwenye kazi halimfurahishi.

Ujumbe wako umefika. Umefoka, Dada! Umesema fundi ni mwizi, vigae vilivyoko ukutani sivyo ulivyochagua, na mimi msimamizi nilikuwa nimelala. Umesema Jumamosi ijayo Mjomba aje na nyundo na patasi, abandue kila kitu, kisha aletwe fundi mwingine aanze upya kwa vigae vyeupe. Mjomba naye, tangu akutumie ile picha, anatembea kifua mbele kama mtu aliyekamata jambazi kwa mikono mitupu. Jana alipita hapa akiupapasa ukuta wa Mama na kuguna.

Sasa nakuomba, kabla nyundo haijainuliwa, soma barua hii mpaka mwisho. Soma hata yale ninayojisifu, ingawa najua yatakuchosha, maana yamo mengi.

Kwanza, usinifundishe kushuku. Wewe umeanza kushuku juzi kwa sababu ya picha. Mimi nimeanza tangu dukani.

Yule muuza vigae, tunamwita Bosi Kikohozi, kwa sababu ukimuuliza kama kitu ni halisi, kifua kinambana ghafla. Nilimwambia dada yangu anataka kaure, ule udongo wa vikombe vya thamani, nyeupe, ya kung'aa, ya ukuta wa nyuma ya jiko na sinki. Akanitolea boksi, akalipiga kofi mgongoni, akasema kaure ndiyo hii. Nikachomoa kigae kimoja nikakigeuza. Mgongo mwekundu kama chungu! Nikamuuliza, hii ni kaure ya wapi inayofanana na tofali? Akakohoa.

Sasa mimi shule niliiacha mapema, unajua, lakini kwenye pancha hupita watu wa kila kazi, na aliyekaa akisubiri gurudumu huwa anazungumza. Mjenzi mmoja alishaniambia kwamba kigae cha udongo wa kawaida hunywa maji kwa mgongo wake, na kaure hainywi. Tena kaure ukiivunja, ndani na nje ni udongo wa namna moja, mgumu, umeshikana. Basi nikamwomba Bosi Kikohozi maji kidogo nijaribu. Akasema dukani hakuna maji.

Nikakilamba.

Usicheke. Nilikilamba mgongoni mbele ya wateja wote, na kile kigae kikaung'ang'ania ulimi wangu mpaka nikakivuta kwa mkono. Mama mmoja pale akashika mdomo. Bosi Kikohozi akasema, "Kijana, hapa tunauza, hatuonjeshi." Nikamwambia, "Basi weka maji, bosi, watu waache kulamba." Akaenda nyuma akaleta boksi lingine. Kigae cha humo nikakilamba, ulimi ukateleza kama kwenye sahani. Ndilo nililolichukua. Sasa niambie, kuna msimamizi gani mwingine anayesimamia kwa ulimi?

Kisha akaja fundi. Tunamwita Fundi Rula kwa sababu hapigi hatua bila kupima. Huyo nilimshuku kabla hajavua viatu. Fundi gani hazungumzi? Fundi gani haombi chai, hamsemi fundi aliyemtangulia, hasemi kwamba ukuta umepinda na bei lazima ipande? Alifika, akaweka pimamaji ukutani, akalitazama lile povu ndani ya kioo kama daktari, akaandika kitu kwa chaki, akaondoka. Nikamwambia Mama huyu ni hatari. Mama akasema hatari ni mimi ninayekula bila kunawa.

Na kweli, siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta maboksi yamebadilika. Vyeupe vyako havipo. Vipo vyeusi, vimefifia, havina hata chembe ya kung'aa, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Na pembeni boksi dogo la vigae vingine vyeusi vyenye mbavu mbavu, ukipitisha kidole unasikia matuta.

Dada, damu ilinichemka. Nikajua ndiyo hivyo, tumeibiwa. Nikachukua kimoja nikakigeuza nikakilamba. Kaure! Nikalamba kingine. Kaure tupu! Hapo ndipo akili iliponisimama. Mwizi hubadilisha kizuri kwa kibovu. Huyu anayebadilisha kizuri kwa kizuri ni mwizi wa namna gani?

Nikarudi kwa Bosi Kikohozi mbio. Safari hii hakukohoa hata kidogo, na hilo lenyewe likanitia wasiwasi. Akasema, "Alikuja mama yako mwenyewe, na fundi. Vyeupe wamerudisha. Mama alivipeleka vyeusi pale mlangoni kwenye jua, akavitazama, akavigeuza, akasema hivi havinichomi."

Havinichomi! Kigae kinamchomaje mtu? Nikamuuliza Mama nyumbani, kwa upole, unajua upole wangu. Akasema nyeupe inachafuka upesi. Mama yetu huyu huyu ambaye tangu tukiwa wadogo alituambia jiko lisilo jeupe ni stoo ya mkaa! Nikamwambia, Mama, Dada amechagua nyeupe. Akasema, "Dada yako anapika ukutani kwangu?" Akageuka akaendelea kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha.

Tangu siku hiyo nikawa namchunguza yeye badala ya fundi. Na nilichokiona, Dada, kilinitisha, ila nilikisoma kinyume.

Siku hizi hachambui maharage. Ananipa mimi, anasema nijifunze, mke wangu atakuja kunishukuru. Sindano natia uzi mimi, eti ni zoezi zuri kwa vijana. Chai anamimina huku kidole chake kimekaa ukingoni mwa kikombe. Kwenye kiwiko ana alama ya kuungua, akasema ni pasi. Mama anapiga pasi kwa kiwiko? Na siku moja niliingia kwa mlango wa nyuma nikamkuta analigombeza koti langu lililotundikwa kwenye msumari. Analiambia likaoge kabla ya kula. Nilidhani ananisema kwa mafumbo, nikaenda kuoga kimyakimya.

Halafu wananong'ona. Yeye na Fundi Rula. Nikiingia jikoni wananyamaza, fundi anajifanya anakoroga gundi. Na fundi yule ni mjane, na siku hizo alianza kuja na shati lililonyooshwa. Unaona sasa akili yangu ilipoelekea. Nikasema, aha! Kumbe vigae ni kisingizio, tunaletewa baba wa kambo mwenye rula. Nikajiapiza kwamba mimi sitapimwa na mtu katika nyumba ya baba yangu.

Basi nikaomba ruhusa kazini mchana, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikainama chini ya dirisha la jiko kati ya ndoo na mti wa kamba ya kuanikia. Nilipanga niwakamate. Nilikuwa hata nimeshatunga maneno.

Nikachungulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono wa kushoto umegusa ukuta. Fundi alikuwa amechuchumaa na chaki. Akamwambia, "Tembea kama unavyotembea siku zote, mama. Usiutafute ukuta, mkono ujiendee wenyewe." Mama akatembea, na fundi akawa anaweka alama kila mahali vidole vyake vilipopita. Walipokaribia jiko la gesi, fundi akasema, "Hapa nitaukata mstari wa mbavu. Mkono ukikosa mbavu, simama. Mbele yako ni moto. Sasa funga macho turudie."

Mama akacheka, akasema, "Niyafunge ya nini, baba? Nikiyafunga nikiyafungua, ukungu ni ule ule."

Dada, maneno yangu yote niliyoyatunga yaliniishia pale pale. Nilikaa juu ya ndoo.

Wakaendelea. Nikamsikia Mama akisema kwamba vyeupe vinapopigwa na mwanga ndipo haoni kabisa, kila kitu kinakuwa maziwa. Lakini sufuria ikikaa mbele ya ukuta mweusi, anauona ukingo wake, na sahani anaziona, na mvuke anauona. Fundi akamuuliza, watoto wanajua? Na hapa naandika alivyosema, bila kuongeza chumvi yangu: "Wakijua, yule mkubwa atakuja kunibeba kama mzigo, anikalishe kwenye kiti sebuleni kwake, nisikilize redio mpaka nife. Huyu mdogo ataniondoa jikoni kwa huruma. Naogopa huruma yao kuliko haya macho."

Sasa umeelewa kwa nini nimekuambia usiguse ule ukuta? Mjomba akibandua vile vigae Jumamosi, hatamwondoa mwizi. Atamwondoa Mama jikoni.

Fundi nilimngoja njiani jioni ile. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, mimi msimamizi. Akaniuliza, "Ukuta ni wa nani?" Nikasema wa Mama. "Basi, kamuulize mwenye ukuta." Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Bado namshuku kidogo, siwezi kukuficha, lile shati lina maelezo gani? Lakini kazi yake sina la kusema. Ameweka vile vimsalaba vidogo vya plastiki kati ya kigae na kigae, mianya yote imelingana, na ule unga wa kuziba mianya ameupaka mweusi vilevile, kisha akaupitishia dawa usinywe mafuta. Baada ya yeye kuondoka nilifumba macho nikatembea kutoka mlangoni mkono wangu ukutani. Mbavu zilinipitisha kwenye kabati, zikanipitisha kwenye sinki, zikakoma. Nikasimama. Nikafumbua macho, jiko lilikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kulishika. Niliumia ugoko tu, na hiyo ni kwa sababu ndoo niliiacha mwenyewe.

Na utunzaji, usiwe na hofu, nimeuchukua mimi. Mjomba anapiga kelele kwamba nyeusi inaficha uchafu. Si kweli, nyeusi isiyong'aa inaonyesha kila tone la mafuta likikauka, ila Mama halioni, kwa hiyo naliona mimi. Kila baada ya kupika napitisha kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kisha kitambaa kikavu. Kwenye mbavu natumia mswaki wa zamani, maana mafuta hupenda kujificha kwenye matuta, na Mama akigusa mafuta vidole vitateleza. Steli waya ya kusugulia sufuria nimeitupa nje kabisa. Ile dawa kali ya chooni aliyoileta Mjomba kama zawadi nimeirudisha chooni, kwa sababu fundi alisema inakula ule unga wa mianya, na unga ukiliwa vigae vinaanza kulegea. Ninafanya haya nikipiga mluzi, Mama anadhani nimepata mchumba na najizoeza usafi. Anashuku. Katika nyumba hii sasa hakuna asiyemshuku mwenzake.

Lakini ukuta si dawa, Dada, hilo nalijua hata mimi niliyekimbia hesabu. Mteja mmoja wa pancha ni nesi wa kliniki ya macho. Nilimuuliza kama habari ya mtu baki. Alisema ukungu wa aina hiyo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mara nyingi hutolewa, mtu akaona tena, ila lazima daktari atazame kwanza, na kungoja sana si vizuri. Alisema pia, "Mwambie huyo mtu baki amlete mama yake." Watu wengine wana macho mabaya, wanaona mpaka ndani.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Mzuie Mjomba. Na ukija, usije na begi tupu la kupakia nguo za Mama. Ukija ukimchukua ghafla, atakuchukia, na mimi nitakusaidia kukuchukia.

Unajiuliza kwa nini nimeandika, badala ya kupiga simu kama watu. Simu Mama anaisikia. Masikio yake siku hizi yanasikia chungwa likimenywa kwa jirani. Naandika hapa mezani, mbele yake, yeye anakatakata vitunguu, na karatasi hii hawezi kuisoma. Nimeona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Zamani angeshaninyang'anya asahihishe.

Nisalimie shemeji, mwambie alale kwa ubavu. Wapwa zangu waambie mjomba wao anawatengenezea gari la mpira wa ndani wa gurudumu. Shangazi ukimwona mwambie namkumbuka, hasa mfuko wake. Mjomba wa huku nitamsalimia mwenyewe, Jumamosi, mlangoni, nimebeba pimamaji.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kukuombea baraka nifunge, Mama akasema, "Umeandika sana. Nisomee."

Nikamsomea, Dada. Salamu nikasoma, dukani nikasoma, akacheka habari ya ulimi mpaka akaweka kisu chini. Nilipofika dirishani nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye sabuni na mswaki. Akasema, "Umegeuza karatasi mbili kwa pamoja. Nimezisikia. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote, na sauti yangu ilikuwa kama ya kuku aliyekanyagwa. Nilipomaliza akakusanya maganda ya vitunguu kwa kiganja, akayatafuta yote.

"Umeandika kwamba naogopa?"

"Nimeandika, Mama."

"Futa."

"Ni kalamu ya wino."

"Mjinga wewe. Basi nipe mimi hiyo kalamu."

Nikampa, nikamwekea kidole mahali pa kuanzia. Hayo maandishi yanayopanda mlima na kukanyaga mwandiko wangu ni yake. Kama huwezi kuyasoma, yanasema hivi:

"Mwanangu, kwa daktari nitakwenda, huyu mwenye ulimi atanipeleka wiki hii. Ukuta ni wangu. Na wewe njoo, lakini uje kula, usije kubeba. Mama."

Mungu akufungulie njia, akulindie nyumba yako na wote waliomo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata unapofoka,

Msimamizi